Simu ya mkononi na hedfoni za rubani: zinaunganishwaje, na nini cha kufanya ndege inapokuja kuchukua mgonjwa

Wakazi wa Kibiti, Rufiji na Mafia wamezoea kuona ndege ndogo. Nyingine zinaelekea Kilindoni, nyingine zinashuka kwenye viwanja vya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kama Mtemere, na mara mojamoja inakuja ndege ya kuchukua mgonjwa. Ukiitazama ikiwa chini, unamwona rubani amevaa hedfoni kubwa zinazofunika masikio yote, na kijiti chenye maiki kimesogezwa hadi kwenye mdomo.

Swali linalofuata ni la kawaida kabisa. Je, rubani anaweza kupokea simu kupitia hedfoni zile? Na je, mtu anaweza kuchukua hedfoni za namna hiyo akazichomeka kwenye simu yake?

Jibu fupi ni kwamba simu na hedfoni za rubani zinaweza kuunganishwa, lakini si kwa kuchomeka waya moja kwa moja. Zikishaunganishwa, simu inabaki nyuma ya redio ya ndege. Redio ndiyo ya kwanza, simu ni ya akiba. Msikilizaji aliye kijijini akilielewa hilo, atajua pia lini ampigie rubani, lini amtumie ujumbe, na lini amwache afanye kazi yake.

KWA NINI RUBANI ANAVAA HEDFONI

Sababu ya kwanza ni kelele. Ndani ya ndege ndogo yenye injini ya pangaboi mbele, kelele hufika desibeli 90 na zaidi. Wataalamu wa afya kazini wanasema mtu akikaa kwenye kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku, masikio yake huanza kuharibika taratibu. Anayeendesha boti ya mashine kutoka Nyamisati kwenda Mafia kila wiki anaielewa hali hiyo: unashuka pwani, watu wanakusemesha, na masikio bado yanavuma.

Vikombe vya hedfoni za rubani vina mito laini inayobana kuzunguka sikio na kuzuia kelele isiingie. Kitu chochote kinachoacha upenyo hupunguza kazi hiyo. Mikono ya miwani huacha upenyo. Kofia ya baraghashia iliyoshuka hadi masikioni huacha upenyo. Mtandio wenye mikunjo mingi nao ni vivyo hivyo, kwa hiyo abiria aliyepewa hedfoni asivue mtandio wake, bali aulaze vizuri usiwe na mikunjo chini ya mto.

Kuna hedfoni za bei kubwa zaidi zinazopunguza kelele kwa umeme. Ndani ya kikombe kuna maiki ndogo inayosikiliza mvumo wa injini, kisha hedfoni zenyewe zinatoa mvumo mwingine uliogeuzwa. Mvuvi atalielewa hili kwa mawimbi ya maji: kilele cha wimbi moja kikikutana na bonde la wimbi jingine, maji hutulia. Mhandisi Amar Bose alipata wazo hilo mwaka 1978 akiwa abiria wa ndege, na kampuni yake ya Bose ikaanza kuuza hedfoni za marubani za aina hiyo mwaka 1989.

Maiki nayo ina ujanja wake. Ina matundu mawili, moja linatazama mdomo na jingine linatazama nje. Kelele ya injini huingia matundu yote mawili kwa nguvu sawa, hivyo hujifuta yenyewe. Sauti ya rubani huingia zaidi kwenye tundu lililo karibu na mdomo. Ndiyo maana maiki hiyo lazima ikaribie kabisa kugusa midomo. Ukiisogeza hadi kidevuni, anayekusikiliza anasikia injini tu.

REDIO YA NDEGE INAFANYAJE KAZI

Redio unayosikiliza nyumbani ya FM ipo kati ya megahezi 87.5 na 108. Ukivuka hapo juu kidogo, kuanzia megahezi 118 hadi karibu 137, ndipo marubani na waongoza ndege wanapozungumza. Masafa ya dharura ya ndege dunia nzima ni megahezi 121.5.

Lakini marubani hawatumii FM. Wanatumia AM, na kuna sababu. Kwenye FM, stesheni yenye nguvu huifunika yenye udhaifu, nawe hujui kama kulikuwa na nyingine. Kwenye AM, watu wawili wakisema kwa pamoja husikika mlio mkali wa kugongana. Mwongoza ndege akiusikia anajua kuna mtu mwingine alikuwa anaita, naye anaomba arudie. Pengine huyo mwingine ndiye mwenye shida.

Jambo la pili ni kwamba rubani hasikiki hadi abonyeze kitufe. Akibonyeza anasema, akiachia anasikiliza. Simu haiko hivyo. Simu iko wazi pande zote mbili muda wote, kila mtu anasema na kusikia kwa wakati mmoja.

La tatu ni umbali. Mawimbi haya huenda mstari ulionyooka. Ndege iliyo mita 3,000 juu inaona upeo wa macho ulio karibu kilomita 195, kwa hiyo redio yake inafika mbali. Ndege hiyo hiyo ikiwa imetua kwenye kiwanja cha mbugani, nyuma ya miti, sauti yake huenda isifike mjini. Hapo ndipo simu inapoanza kuwa na maana kwa rubani.

KWA NINI PINI YA SIMU HAITOSHI

Chukua hedfoni za kawaida za simu. Zina pini moja ya milimita 3.5 yenye pete tatu nyeusi. Pete hizo zinaigawa pini sehemu nne: sikio la kushoto, sikio la kulia, waya wa pamoja, na maiki. Watengenezaji wa zamani walitofautiana kuhusu sehemu mbili za mwisho, ndiyo maana hedfoni za simu moja wakati mwingine zinagoma kwenye simu nyingine.

Hedfoni za rubani wa ndege ndogo zina pini mbili. Moja ni nene, ya milimita 6.3, nayo ni ya masikio. Ya pili ni nyembamba kidogo, ya milimita 5.2, nayo ni ya maiki na kitufe cha kusemea. Unene umetofautishwa makusudi ili mtu asikosee tundu hata gizani. Hedfoni za helikopta kwa kawaida zina pini moja nene yenye sehemu nne na waya uliojisokota.

Fundi anaweza kusema, "Basi nakata pini, naunga waya kwa waya." Hapo ndipo tatizo lenyewe linapoanza, maana tofauti haiko kwenye umbo tu, iko kwenye umeme.

Tofauti ya kwanza ni chakula cha maiki. Maiki ya simu inakula umeme mdogo, karibu volti 2. Maiki ya rubani inataka volti 8 hadi 16 kutoka kwenye redio ya ndege. Ukiiunga kwenye simu haiamki, au inatoa sauti dhaifu yenye mikwaruzo.

Tofauti ya pili ni nguvu inayotoka. Maiki ya rubani ikishaamka, umeme wa sauti yake ni mkubwa mara nyingi kuliko simu ilivyotegemea. Simu inapokea kama mtu anayepigiwa kelele sikioni, na anayesikiliza upande wa pili anasikia sauti iliyopasuka.

Tofauti ya tatu ni spika za masikioni. Kipimo cha ukinzani wa spika za simu ni ohmu 16 hadi 32. Za rubani ni kuanzia ohmu 150 hadi mia kadhaa. Simu ikisukuma spika hizo, sauti hutoka ndogo.

Kwa nini ndege hazikubadilisha mfumo huo? Chanzo chake ni simu za mezani za zamani. Maiki zake zilikuwa na chembechembe za kaboni, kazi ambayo Thomas Edison aliishughulikia miaka ya 1870. Maiki za kaboni zilihitaji umeme kutoka nje na zilitoa sauti yenye nguvu. Redio za ndege zilijengwa kwa maiki hizo. Maiki za leo si za kaboni tena, lakini zimetengenezwa zijifanye kama za kaboni, ili hedfoni mpya zifanye kazi kwenye ndege iliyoundwa miaka 60 iliyopita. Kwa hiyo hedfoni za rubani zilianzia kwenye simu, kisha simu ikaenda njia yake.

Onyo kwa mafundi wetu: hatari kubwa iko upande wa pili. Ukichomeka simu kwa waya wa kubahatisha kwenye tundu la maiki la ndege, zile volti 8 hadi 16 zinaingia kwenye simu iliyotegemea 2, na simu inaweza kuharibika. Na kufungua au kubadilisha mfumo wa sauti wa ndege si kazi ya fundi wa mtaani hata kidogo. Ni kazi ya fundi mwenye leseni, chini ya kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA.

NJIA TATU ZA KUUNGANISHA

Njia ya kwanza ni Bluetooth. Hedfoni nyingi za marubani za sasa zina kijisanduku katikati ya waya chenye betri, vitufe vya sauti na Bluetooth. Simu inaungana nacho kama inavyoungana na spika ya harusini. Kijisanduku ndicho kinachosawazisha ule umeme tuliousema. Hedfoni nyingi za aina hii zinapunguza muziki wenyewe mara redio ya ndege inapoita.

Njia ya pili ni tundu dogo la milimita 3.5. Tundu hilo linaweza kuwa kwenye hedfoni au kwenye kifaa cha mazungumzo ya ndani ya ndege, kile kinachowawezesha rubani na abiria kusikilizana. Hapa unatumia waya wa kawaida wenye pini pande zote mbili. Lakini angalia maandishi. Matundu mengine ni ya kusikiliza tu, maiki haipiti, hivyo utamsikia aliyepiga naye hatakusikia.

Njia ya tatu ni adapta. Ni kijisanduku kinachokaa kati ya hedfoni na matundu ya ndege. Hedfoni zinachomekwa kwenye adapta, adapta inachomekwa kwenye ndege, na simu inaungana na adapta kwa waya au kwa Bluetooth. Njia hii inamsaidia rubani mwenye hedfoni za zamani zilizo imara ambaye hataki kununua mpya. Zipo pia adapta za kutumia hedfoni na simu peke yake, bila ndege, kwa kazi za chini zenye kelele.

Utaratibu mzuri ni huu:

1. Unganisha simu na hedfoni kabla ya kuwasha injini. Ndege ikishaanza kutembea, macho ni ya nje.

2. Weka sauti ya redio ya ndege kwanza, kisha weka ya simu iwe chini yake. Simu isiifunike redio kamwe.

3. Piga simu ya majaribio injini ikiwa imezimwa, kisha nyingine injini ikiwaka. Muulize unayempigia anasikia nini.

4. Sikiliza kama unaisikia sauti yako mwenyewe masikioni. Huku studio nasi tunaitegemea sauti hiyo ya kujisikia. Ikikosekana, mtu huanza kupiga kelele bila kujua.

5. Angalia betri za hedfoni na za simu. Hedfoni nyingi zikiishiwa betri huendelea kupitisha redio ya ndege, lakini Bluetooth inakufa.

6. Zima miito ya ujumbe wa makundi. Rubani anayekaribia kutua hahitaji kusikia kengele ya kundi la familia.

SIMU ANGANI: MLIO WA TITITI NA MNARA USIOSHIKA

Wewe msikilizaji unajua mlio unaotokea simu inapokaa karibu na redio. Kabla simu haijaita, redio inatoa "tititi, tititi". Simu ya 2G haitumi mawimbi mfululizo, inatuma kwa vipande, kama mara 217 kwa sekunde. Waya wa spika ulio karibu unadaka vipande hivyo na kuvigeuza sauti. Mlio huo huo huingia kwenye hedfoni za rubani. Fikiria mwongoza ndege anataja urefu wa kuruka, na "tititi" inapita juu ya tarakimu moja. Hiyo ni sababu mojawapo abiria huambiwa wazime simu au waziweke kwenye alama ya ndege.

Sababu nyingine iko kwenye minara ya simu. Antena za minara zimeelekezwa kwa watu walio chini, hazikupangwa kwa aliye juu. Simu iliyo juu inaona minara mingi kwa pamoja, na ndege kama Cessna Caravan inakwenda karibu kilomita 300 kwa saa, hivyo simu inahama mnara hadi mnara na kukatika. Pia mnara wa 2G kwa kawaida hauhudumii simu iliyo zaidi ya kilomita 35. Juu ya mikoko ya Salale au Mbwera, ambako minara ni michache, rubani hawezi kuitegemea simu. Nchini Marekani sheria ya mawasiliano inakataza kabisa simu za mkononi kutumika ndege ikiwa angani.

Kwa hiyo kazi halisi ya simu kwenye hedfoni ni ile ya chini. Rubani ameketi, injini inanguruma, mgonjwa anapakiwa, naye anataka kuongea na hospitali au na ofisi yake bila kuvua hedfoni. Hapo simu inafaa sana.

REDIO IKIKATIKA

Upo wakati simu inageuka kuwa kitu pekee kilichobaki. Novemba 2007 ndege ndogo ya injini mbili iliruka kutoka Kerry, nchini Ireland, kwenda kisiwa cha Jersey. Muda mfupi baada ya kupaa, umeme wa ndege ulikatika na redio ikanyamaza. Rubani alitumia simu yake ya mkononi kuwapata waongoza ndege wa Cork. Sauti haikushika vizuri, basi mwongoza ndege akaendelea kumwelekeza kwa ujumbe mfupi wa maandishi hadi ndege ikatua salama Cork.

Watu wa delta hawatashangaa. Ukiwa mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka, simu ya sauti inakatika lakini ujumbe mfupi unasubiri nafasi na kupita. Ujumbe unahitaji muda kidogo sana wa mtandao. Tena unabaki kwenye kioo, msomaji anaweza kuurudia.

Rubani asiye na redio wala simu ana njia nyingine. Mnara wa kuongozea ndege una taa maalumu. Taa ya kijani isiyopepesa kwa ndege iliyo angani inamaanisha ruhusa ya kutua. Nyekundu isiyopepesa inamaanisha wapishe wengine na endelea kuzunguka. Nyekundu inayopepesa inamaanisha uwanja si salama, usitue.

DELTA YETU NA UJUMBE WA KUTOKA ANGANI, 1915

Habari ya rubani na chombo cha mawasiliano si ngeni hapa kwetu. Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915 na baadaye wakakifanya kisiwa hicho kituo cha ndege zao. Meli zao mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni, lakini mikoko ilizizuia kuiona Königsberg. Zilihitaji jicho la angani la kuziambia mizinga imeangukia wapi.

Ndege hazikuwa na sauti ya redio wakati ule. Mtazamaji alibonyeza kitufe na kutuma milio mifupi na mirefu ya mosi. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 halikufanikiwa. Tarehe 11 Julai walirudi. Rubani John Cull na mtazamaji wake Arnold walikuwa juu ndege yao ilipopigwa na injini ikafa. Wakati Cull akiishusha kuelekea mtoni, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha. Ndege iliangukia majini karibu na Mersey, wote wawili wakaokolewa, na siku hiyo hiyo Königsberg ikawa imekwisha.

Ile ilikuwa vita ya wakoloni, na wazee wetu hawakuulizwa kama wanataka ipiganiwe kwenye mito yao. Lakini kuna jamboanalolijua kila rubani: wa kwanza ni kuongoza ndege, ujumbe unafuata, nao uwe mfupi. Cull alishika usukani. Arnold alituma ishara chache tu, na zilitosha.

Baada ya vita zikaja kazi bora za mawasiliano ya ndege. Shirika la madaktari wa ndege, AMREF Flying Doctors, lilianzia Afrika Mashariki mwaka 1957. Kabla ya simu za mkononi, hospitali na zahanati za mbali ziliita ndege kwa redio za mawimbi mafupi. Leo wito mwingi unaanza kwa simu iliyo mfukoni mwa nesi au mwenyekiti wa kijiji.

WEWE ULIYE CHINI UFANYE NINI

Hapa ndipo habari hii inapokuhusu. Kwa mama mjamzito au mtoto mchanga aliye kwenye hatari, anza na namba 115 ya mfumo wa m-mama, haina malipo. Namba ya dharura ya jumla ni 112. Uamuzi wa kuleta ndege ni wa wahudumu wa afya na wenye ndege, si wa familia peke yake. Lakini ndege ikishakubaliwa, anayeijua hali ya kiwanja ni wewe.

Kabla ndege haijaruka, ndipo pa kuongea kwa simu. Sema mambo haya, kwa kifupi:

Kiwanja kikoje. Kina tope, maji yamesimama, nyasi ni ndefu, kuna mashimo? Wakati wa masika udongo wetu mweusi unaweza kuonekana mkavu juu huku chini ni uji. Mafuriko ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti yalituonyesha jinsi sehemu kavu inavyogeuka ziwa kwa siku chache. Tembea kiwanja chote kwa miguu kabla ya kujibu. Usijibu kwa kukumbuka ulivyokiona wiki iliyopita.

Upepo unatoka wapi. Taja mahali: "unatoka baharini" au "unatoka upande wa barabara ya Ikwiriri". Moshi mdogo wa majani mabichi, mbali na njia ya kutua, humwonyesha rubani upepo kuliko maneno mengi.

Mgonjwa yukoje. Anakaa au analala? Uzito wake ni kama kilo ngapi? Nani anamsindikiza? Kwenye ndege ndogo uzito unahesabiwa, na msindikizaji wa pili akitokea ghafla, mpango unavurugika.

Namba moja ya simu. Mteue mtu mmoja wa kuongea, mwenye chaji na salio. Watu watano wakimpigia rubani, atasikia habari tano tofauti.

Ndege ikiwa njiani, usipige. Rubani anasikiliza redio na kuongoza. Kama kuna jambo jipya na zito, kwa mfano ng'ombe wameingia kiwanjani au mvua imeanza, tuma ujumbe mfupi ofisini kwake, au kwake kama yeye mwenyewe ameagiza hivyo. Andika neno la muhimu kwanza: "USITUE. Maji kiwanjani upande wa mashariki." Usianze na salamu. Salamu mtapeana akishuka.

Ndege ikionekana, ondoa watoto, baiskeli, pikipiki na mifugo kutoka mwanzo hadi mwisho wa kiwanja. Na ikishatua, usiisogelee hadi pangaboi lisimame kabisa na rubani aashirie kwa mkono. Usitembee karibu na ndege ukiwa na simu sikioni. Pangaboi linalozunguka kwa kasi halionekani vizuri, na mwenye simu hutazama chini.

MASWALI MAFUPI

Je, naweza kutumia hedfoni za rubani kwenye boti yangu? Kwa kuzuia kelele, ndiyo. Kwa simu, utahitaji zenye Bluetooth au adapta. Lakini nahodha anapaswa kusikia mashine yake na vyombo vingine, hivyo asijifunge masikio kabisa. Njia isiyo na gharama ni kupunguza mashine, kuupa upepo mgongo, kuikinga maiki ya simu kwa kiganja na kusogeza mdomo karibu. Ni kanuni ile ile ya maiki ya rubani.

Nikipewa hedfoni nikiwa abiria wa kwenda Mafia, naweza kuunganisha simu yangu? Muulize rubani kwanza. Akikataa, ndiyo amekataa, kwa kuwa ndani ya ndege neno la mwisho ni lake. Na kumbuka kuwa ukisema kwenye maiki ile, rubani naye anakusikia. Akiwa anaongea na mnara wa kuongozea ndege, nyamaza.

Kwa nini rubani hakupokea simu yangu ilhali ndege ilikuwa juu yetu? Pengine simu yake ilikuwa imezimwa, pengine haikuwa na mtandao, pengine aliiona na akaiacha kwa sababu alikuwa anatafuta kiwanja chako kati ya mikoko na mashamba ya mpunga. Usimkasirikie. Alichokihitaji kutoka kwako alipaswa kuwa amekipata kabla hajaruka.

Ihifadhi habari hii kwenye simu yako, na umsomee mwenyekiti na nesi wa zahanati yako. Siku ndege ikihitajika hakutakuwa na nafasi ya kujifunza. Kitakachotakiwa ni mtu mmoja aliyekitembelea kiwanja, mwenye simu yenye chaji, na maneno machache ya kweli.